Kisima Alichokuja Nacho Malar

Sippithurai, Jaffna
9 Novemba 2003

Shemeji Sabanathan,

Mfanyabiashara wa tumbaku aliyepitia huko India ameniambia bado u hai, bado unavaa miwani ile ile, na bado unawasahihisha watu wakiongea. Nikajua ni wewe kweli.

Sisi tumerudi tangu mwaka jana, vita viliposimama. Nyumba thelathini na moja zimeezekwa. Yangu ina paa upande mmoja. Upande wa pili nina nyota. Miti mingi ya mivumo imekatwa vichwa na mizinga, imesimama kama nguzo za ukumbi usio na sherehe.

Sasa kaa chini kwanza. Maji taka ya Sippithurai yatasafishwa. Lile jambo ulilotuhubiria miaka yote ulipokuwa Bwana Afya, hadi watu wakikuona wanapitia njia nyingine, linajengwa. Shirika moja limeleta saruji na mabomba, kijiji kimetoa mikono, na mwenyekiti wa kamati ni mimi. Usicheke. Tulipiga kura hekaluni, thelathini na wanane kwa sita.

Maji ya vyoo, ya soko la samaki na ya kiwanda cha barafu yataingia kwenye tangi, uchafu mzito utulie chini. Kutoka hapo yatapita polepole kwenye vitalu viwili vya kokoto vilivyopandwa yale majani mapana yenye maua mekundu, ambayo mama zetu waliyapanda penye mkondo wa kuogea. Mizizi inakula uchafu. Mwisho maji yanaingia kwenye shimo la kunyonya, ardhi inameza, basi. Tumetumia shamba la marehemu dada yako, Malar. Ni urithi wangu, nimelitoa bure.

Ile michoro yako ya mradi kama huu, ya mwaka 1969, dada yako aliitunza kwenye sanduku la nguo zake za harusi, juu ya nguo zenyewe. Tulipokimbia mwaka tisini na tano aliacha sufuria, akabeba michoro. Mchwa wakaila kambini, mwaka ule ule aliofariki. Kwa hiyo nimejenga bila wewe.

Tunafungulia maji siku kumi baada ya sikukuu ya mavuno, Pongal, tarehe 25 Januari, saa nne na nusu asubuhi. Saa hiyo ameichagua mnajimu.

Shemeji yako,
Vallipuram
(Mwenyekiti)


Tiruchirappalli
24 Novemba 2003

Shemeji Vallipuram,

Barua yako ilitumia siku kumi na tatu njiani, nami nimeikalia siku mbili.

Hongera. Neno hilo nimeliandika mara tatu ndipo likakaa sawa.

Sasa maswali, kama mwenyekiti ana nafasi. Maji yatakaa siku ngapi ndani ya kokoto? Zikipungua tatu, unamwagilia maua tu. Kokoto zina ukubwa gani? Na mteremko kapima nani? Nakumbuka ukuta wa shule ulioujenga mwaka 1967, ambao watoto waliutumia kuteleza.

Miaka ishirini na mitatu nilitembea pwani ile kwa baiskeli. Nilikuwa naweza kufumbwa macho, nikaonjeshwa maji, nikataja kisima na mwezi. Hapa naishi chumba kimoja juu ya duka la vyuma. Maji huja bombani saa moja kwa siku na sijui yanakotoka. Nimeyanywa miaka kumi na mitatu kama mtu anayekula kwa watu asiowafahamu.

Ile michoro Malar aliibeba kwa sababu alijua thamani yake. Wewe usijitie kwenye sanduku lile. Tumezeeka, tusidanganyane: ulimpata dada yangu kwa kuwa alikuwa na miaka ishirini na sita, wachumba walikwisha, na mahari aliyokuja nayo ilikuwa kisima kitamu, wakati kwenu mlikunywa chumvi. Fundi mwashi asingepata binti wa nyumba ile kwa jambo jingine.

Swali la mwisho. Shimo la kunyonya liko kona ipi ya shamba?

Sabanathan


Sippithurai
8 Desemba 2003

Shemeji,

Siku nne. Ukubwa wa yai la njiwa. Mteremko kapima mhandisi, binti wa Batticaloa, ambaye ana chombo cha kupimia na hana haja ya kumdharau mtu ili akitumie.

Ukuta wangu wa shule umepigwa na makombora mawili. Umeinama, lakini umesimama. Ofisi yako ya afya uliyoichora mwenyewe kwa rula haipo. Hata msingi sikuuona.

Shimo liko kona ya kaskazini, penye shina la mwarobaini. Unapakumbuka? Mvua ikinyesha, kote maji yanasimama, pale hayasimami. Tulimwaga pipa zima, likapotea kabla hatujahesabu ishirini. Mhandisi alitaka mfereji mrefu wa kunyonyea, upande wa baharini. Nikamwambia, "Mwanangu, mama Amman wa hekaluni ametupa kona yenye kiu, ya nini kujivunja mgongo?" Wazee wakapiga makofi. Hii haikuwa kwenye michoro yako, shemeji. Hii nimeiona mimi.

Na kisima cha Malar tumekisafisha. Tulitoa tairi mbili, mlango, na mifupa ya mbuzi. Visima vingine chumvi imepanda, kwa hiyo nyumba ishirini na tatu zinakunywa pale, kwa zamu, na wajukuu wangu watatu wamo.

Jiwe la kumbukumbu limeshaagizwa. Usiniulize limeandikwa nini.

Vallipuram
(bado Mwenyekiti)


Tiruchirappalli
23 Desemba 2003
(Barua hii haikutiwa posta.)

Vallipuram,

Usifungulie maji. Kona ile haina kiu, ina koo. Chini yake kuna pango ndani ya mawe ya chokaa, nalo linakwenda moja kwa moja kwenye kisima.

Mwaka 1971, wiki tatu kabla ya harusi yako, nilimwaga pale makopo mawili ya rangi ya waridi ambayo mama alitilia majani ya kusukia vikapu. Baada ya saa sita ilitokea kisimani. Siku zile maji ya kuoshea samaki sokoni yalikuwa yakimalizikia kona ile, na kisima kilikuwa kimeshaandikwa kwenye hati ya ndoa. Nikanyamaza.

Nimesoma tena niliyoyaandika.

Nikiipeleka barua hii, watahamisha shimo, mradi utafaulu, na jiwe litasomeka Vallipuram. Nisipoipeleka, mimea ile huchukua miezi sita kushika mizizi. Mpaka hapo kitakachotoka kwenye kokoto ni maji taka yaliyopoteza rangi tu, nayo yatakuwa kisimani siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni. Ndipo watakaposema: yuko wapi Bwana Afya? Laiti angekuwepo yule mzee.

Ni jambo baya kuliona kwa mwandiko wako mwenyewe.

Nitaandika nyingine kesho.


Tiruchirappalli
26 Desemba 2003

Shemeji Vallipuram,

Nimepata barua yako. Siku nne zinatosha. Kona ya kaskazini ni nzuri.

Hongera kwa jiwe.

Sabanathan


Sippithurai
7 Januari 2004

Shemeji yangu,

"Kona ya kaskazini ni nzuri." Nimewasomea kamati kwa sauti, mara mbili. Mzee Kandiah wa duka la nyavu akasema, "Huyo si Sabanathan, huyo ni mtu ameiba miwani yake." Tukacheka mpaka mhandisi akatoka nje kutuangalia.

Kwa kuwa umenisifu mara moja katika miaka thelathini na miwili, nami nikupe neno moja ambalo sijampa mtu.

Unajua dada yako hakunywa maji ya kisima chake? Miaka ishirini na mitano ya ndoa. Alifulia, aliwaogesha watoto, alimwagilia ndizi. Lakini ya kunywa na kupikia aliyafuata kisima cha hekalu, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, ndoo kichwani, hata akiwa na mimba ya miezi minane. Ukimuuliza anasema, "Maji ya Amman yana baraka." Nikamwambia, "Malar, kisima kitamu kuliko vyote pwani hii kiko mlangoni kwako. Una nani huko hekaluni?" Akanimwagia ndoo nzima miguuni. Kisha akageuka, akaenda kuchota nyingine.

Hekaluni alikuwako yule mpiga zumari, mrefu, mwenye nywele. Nilimchukia mtu yule mpaka alipokufa. Nilikwenda hadi maiti yake ilipochomwa, nihakikishe.

Kama si zumari, basi nilisema ni dharau. Binti wa nyumba kubwa hawezi kunywa maji pamoja na fundi mwashi. Na kila nilichojenga, kila mfereji, kila ngazi, alisema, "Ungemuuliza kaka." Nilikuonea wivu, Sabanathan. Mwanaume anamwonea wivu mwenziwe kwa mke. Mimi nilikuonea wivu kwa dada yako mwenyewe. Ndiyo maana nilikuandikia habari za michoro kuliwa na mchwa. Nilifurahi ilipoliwa, Mungu anisamehe, na yeye alilia.

Tarehe 25, tukishafungulia, nitachota maji ya kisima chake na kuyanywa mbele ya kijiji kizima. Na wajukuu wangu watakunywa. Alichokataa yeye tutakipokea sisi.

Shemeji yako,
Vallipuram


SIMU YA MAANDISHI
Tiruchirappalli, 20 Januari 2004

VALLIPURAM SIPPITHURAI. USIFUNGULIE MAJI. KONA YA KASKAZINI INA PANGO LINAFIKA KISIMANI. NILIJUA. BARUA INAFUATA. SABANATHAN


Tiruchirappalli
20 Januari 2004

Vallipuram,

Natoka posta. Kama simu imefika, unajua la kwanza. Sasa soma la pili, nalo ni refu kwangu hata likiwa fupi kwenye karatasi.

Mwaka 1971 nilishuku kona ile kwa sababu hiyo hiyo uliyoipenda wewe: haikushika maji. Nikamwaga rangi ya vikapu asubuhi bila kumwambia mtu. Saa sita baadaye nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kisima na daftari langu, na aliyekuja kuchota ni Malar. Ndoo ikapanda imejaa maji ya waridi.

Alikuwa ameniona asubuhi na makopo. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimama akiitazama ndoo, halafu akauliza, "Kaka, hayo ya sokoni pia yanafika humu?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia lazima nikifunge kisima, ndiyo kazi yangu. Akaimwaga ndoo kwenye mchanga, akaufukia kwa mguu, kisha akanishika mkono. Maneno yake ninayo kama yalivyotoka:

"Ukikifunga, ndugu zake hawatanichukua. Nami namtaka yule fundi, kaka. Simtaki mwingine. Nyamaza tu. Mimi nitamchotea maji kwingine maisha yangu yote."

Nikadhani ni maneno ya msichana. Sikujua mpaka barua yako ya juzi kwamba aliyatimiza. Mwaka ule niliuhamisha mfereji wa soko ukaelekea baharini, nikasingizia barabara, kisha nikajiambia kisima kimepona. Sikukipima tena. Bwana Afya aliyepima visima vyote vya pwani hakukipima kile kimoja, kwa kuogopa jibu.

Niliposema ulimpata kwa sababu ya kisima, nilisema uongo ambao nilijua ni uongo. Kisima kilikuwa bei ya ndugu zako. Yeye alikuchagua kwa macho yake, nami sikupenda. Nilikuwa na dada mmoja aliyesoma michoro yangu na kuielewa, naye akaenda kwa mtu ajengaye kuta za kuteleza. Umebeba wivu wako miaka yote hiyo. Wangu una umri huo huo.

Lililobaki ndilo baya zaidi. Tarehe 23 Desemba nilikuandikia ukweli huu, sikuupeleka. Nikakuandikia kwamba kona ni nzuri. Nilitaka ushindwe. Nilikaa juu ya duka la vyuma nikihesabu siku za mimea yako kushika mizizi, nikijua nani anakunywa kisima kile, kwa idadi, kwa sababu uliniandikia. Nyumba ishirini na tatu. Wajukuu watatu wa dada yangu.

Hamisha shimo. Mhandisi wako alikuwa sahihi: mfereji mrefu, upande wa baharini. Kona ile izibeni kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na maji ya kisima yachemshwe hadi yapimwe.

Sikuombi kitu.

Sabanathan


Sippithurai
11 Februari 2004

Sabanathan,

Simu yako ililetwa tarehe 23. Nikaisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilisema: ameshindwa kuvumilia, wivu umemtoa puani. Sikumwonyesha mtu.

Tarehe 25 asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani. Maua shingoni, wali mtamu kwenye vyungu, wapiga ngoma wamelipiwa. Nilikuwa nimeshika gurudumu la kufungulia. Mnajimu anatazama saa yake, ananitazama mimi. Na mimi simu inaniwasha mfukoni kama kiwavi. Nikaitoa tena, nikaisoma pale pale, na neno moja likanikamata. Umeandika "nilijua." Nimekufahamu miaka mingi, shemeji. Wewe huandika "nilikuambia." Hujapata kuandika neno la kujishitaki hata kwa bahati mbaya, na hapa ulilipia ili kuliandika.

Nikaachia gurudumu. Nikasema, "Hatufungulii."

Kelele zilizopigwa nadhani hata huko zilisikika. "Saa njema inapita!" "Mzee amelewa!" Kandiah akasema, "Mwenyekiti anaogopa ukuta utainama." Nikamtuma mhandisi kwa wasuka vikapu akaniletea rangi, makopo matatu, nikamimina kwenye kona yangu yenye kiu. Kisha nikaenda kukaa ukingoni mwa kisima, kama mpumbavu, na watu nyuma yangu wakila wali wa sherehe ambayo haipo.

Ilichukua saa tano na robo. Wewe uliandika sita. Hata hapo ulikosea.

Aliyechota ni mke wa Kandiah. Alipoiona ndoo akapiga yowe akaiachia. Mimi sikupiga yowe. Nilikuwa bado sijapata barua yako, ila nilipoona maji ya rangi ile yanatambaa mchangani, nilielewa kwa nini kuna mtu aliyakataa. Sikuelewa ni kwa ajili ya nani.

Barua ilifika siku tisa baadaye. Nimeisoma peke yangu, upande wa nyumba usio na paa.

Miaka ishirini na mitano, Sabanathan. Kila asubuhi alipita mbele yangu na ndoo ile, nami nimenuna mlangoni, nikihesabu muda aliokawia, nikimfikiria mpiga zumari. Alikuwa ananichotea mimi. Alitembea kwa ajili ya tumbo langu, na chai yake niliinywa nikiwa nimekunja uso. Hakunitetea kwa neno lolote, kwa sababu neno lingekufunua wewe. Hata huko kwenye wema wake ulikuwepo. Siri yenu wawili, na mimi nje, na ndoo mlangoni. Nimekuonea wivu upya, wivu mpya kabisa, katika umri wa miaka sitini na saba.

La tarehe 23 Desemba sijakusamehe. Usinihimize. Nikiwatazama wale watoto watatu wanakunywa maji, nakuchukia, halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyelala siku mbili na simu yako mfukoni. Basi nakuchukia kidogo zaidi, kwa kunifananisha na wewe.

Kona tumeiziba. Mfereji tunauchimba upande wa baharini, na mhandisi ananionyesha kila siku mahali pa kupiga jembe. Maji ya kisima yanachemshwa. Majani yanashika vizuri. Tumeyaweka kwenye maji ya chumvichumvi kidogo yazoee. Tutafungulia Mwaka Mpya wetu, mwezi wa nne, nami safari hii sitamuuliza mnajimu, nitamuuliza mhandisi.

Na lile jiwe. Lilikuwa tayari, na majina mawili. Lako juu, langu chini. Ndivyo nilivyoagiza tangu Oktoba, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilitaka ulione ukifika, ufe kwa aibu. Nimelirudisha kwa mchongaji, akaling'oa uso wote. Sasa lina jina moja, la Malar kwa ukamilifu wake: Rasamalar. Watu wanauliza, alijenga nini? Nawaambia, alibeba.

Wewe humo hutaandikwa. Mimi sitaandikwa. Tutakaa nje sote wawili.

Vallipuram


Tiruchirappalli
26 Februari 2004

Shemeji,

Saa tano na robo ni sahihi kwa Januari, maji ya chini yakiwa juu. Mimi nilipima Agosti. Naandika hili kwa kumbukumbu tu.

Nimeuliza habari za safari. Sina mzigo zaidi ya vitabu na miwani. Nitafika kabla ya Mwaka Mpya, kama mlango wako uko upande wenye paa.

Nilisema siombi kitu. Sasa naomba kimoja. Malar alipanda mnazi siku ya harusi, kushoto kwa kisima. Kama upo bado, ndoo ya kwanza ya maji yaliyosafishwa, itakapotoka mwisho wa vitalu, niachie mimi nikaumwagie.

Sabanathan


Sippithurai
12 Machi 2004

Shemeji,

Mnazi upo. Umepigwa na risasi mahali pawili na unazaa.

Ndoo ya kwanza ni yangu. Ya pili utabeba wewe, kichwani, na utaanzia hekaluni.

Njoo.

Vallipuram